Mwenye Cheti Hagusi

Iko nchi moja iitwayo Lakiri. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, msomaji wangu, maana mchoraji ramani wa taifa alitunukiwa cheti zamani, na tangu siku hiyo hajagusa kalamu. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wizara kwa kila mlima na kamati kwa kila mto, na watu wake ni wapole kiasi kwamba ukiwakanyaga wanakuomba radhi kwa ugumu wa vidole vyao.

Sheria kuu ya Lakiri ni fupi, na watoto huiimba shuleni kabla ya uji: Mwenye cheti hagusi. Hekima yake iko wazi. Cheti ni heshima, kazi ni jasho, na jasho likimwagikia heshima, heshima inalowa. Kwa hiyo fundi cherehani akishapata cheti cha ushonaji, huketi kando ya cherehani yake akaitazama kwa upendo. Mpishi mwenye cheti hunusa tu. Hata askari polisi walikuwa wametunukiwa Vyeti vya Ukamataji, wote kwa mkupuo, kwenye sherehe iliyofana sana, na wezi nao walihudhuria wakapiga makofi mpaka mwisho. Madaktari peke yao ndio waliokuwa hawajafikiwa na heshima hiyo. Zamu yao ilipangwa baada ya mvua za vuli.

Huko ndiko alikoishi Mwatumu, mtaalamu wa mitandao ya kompyuta, ambaye vyeti vyake vilijaza ukuta mzima wa sebule mpaka saa ya ukutani ikahamia jikoni. Tena alivipata kwa kusoma, si kwa kukariri majibu yanayouzwa nje ya lango la chuo pamoja na karanga. Alijua jinsi habari inavyokatwa vipande vipande, kila kipande kikapewa anwani yake, kikapita njia panda na njia panda mpaka kikafika. Alijua mtandao unaugua nini, na kwa nini. Ila alijua yote hayo kama mtu anayejua utamu wa asali kwa kusimuliwa. Mikono yake haikuwahi kushika waya hata mmoja.

Na hilo lilimuuma. Vidole vilimwasha. Akikaa mkutanini alivichezesha chini ya meza. Akienda harusini alifungua na kufunga mkoba wake mpaka waliokaa jirani wakahama. Mama yake alidhani ni mapenzi, akamtafutia mchumba. Mchumba alikuja, akakuta Mwatumu anafungua kitasa cha mlango kwa kisu cha siagi ili tu aone ndani kuna nini, akaondoka bila kunywa chai.

Mwasho ungebaki mwasho tu, kama si dada yake Zena.

Zena alikuwa mjamzito, na mtoto alikuwa amelala kimkingamo. Daktari alishasema bila kuzungusha maneno: huyu hatoki pasipo kisu. Hilo lenyewe halikuwa baya, maana daktari alikuwa mzuri na mvua za vuli zilikuwa bado. Ubaya ulikuwa kwenye mlango. Serikali ya Lakiri, kwa kupenda maendeleo, ilikuwa imeunganisha kila kitu na Mtandao wa Taifa, na mlango wa chumba cha upasuaji wa Hospitali ya Rufaa ulifunguka pale tu idhini inapotoka makao makuu kupitia mtandao. Mtandao ukikatika, mlango unajifunga.

"Hakuna ufunguo?" Zena aliuliza siku alipokwenda kupimwa.

"Upo," alijibu muuguzi. "Ila mtunza funguo ana cheti."

Jioni ile Zena alimshika Mwatumu mkono, akauweka juu ya tumbo lake. "Mdogo wangu, si wewe uko makao makuu ya mtandao? Basi miye sina wasiwasi. Mwanangu nimemwacha mikononi mwako."

Mwatumu aliitazama mikono yake. Ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, na kwa mara ya kwanza aliiogopa.

*

Kila Jumatatu, langoni pa Makao Makuu ya Mtandao wa Taifa, wenye vyeti walipanga mstari kwa ajili ya Ukaguzi wa Viganja. Mkaguzi alikuwa Bi Asumini, mama mnene mwenye macho makali, na chombo chake kilikuwa kitambaa cha hariri. Unanyoosha kiganja, Bi Asumini anakipitisha kitambaa polepole kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka ncha za vidole. Hariri ikiteleza, anatangaza: "Laini! Pita!" Hariri ikinasa, basi kiganja kina sugu, na sugu ni ushahidi kwamba mwenye cheti amegusa. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho hariri ilinasa lini.

Ndani, kazi ilipangwa kwa busara. Mwenye Cheti, yaani Mwatumu, aliketi nyuma ya kamba nyekundu, kwenye kiti cha mto. Alijua lakini hagusi. Kule kwenye makabati ya mitambo alisimama Mwenye Mkono, mzee mmoja aitwaye Kombo, mwenye viganja vikavu kama maganda ya nanasi. Huyu aligusa, ila kwa kuwa hana cheti, sheria ilikataza asielezwe sababu ya jambo lolote. Na kwa kuwa haikuwa adabu hao wawili kusemezana, katikati yao alitembea Mpatanishi, Bwana Sudi, aliyevaa glavu nyeupe na kunukia marashi. Bwana Sudi hakujua wala hakugusa, na ndiye aliyekuwa na mshahara mkubwa kuliko wote.

Asubuhi moja taa za kabati la tatu zilizimika. Mwatumu aliruka kutoka kitini, akakumbuka, akaketi tena.

"Bwana Sudi, mwambie atazame waya wa bluu, mwisho wake, pale unapoingia ukutani."

Bwana Sudi aliinama, akatembea hadi kwa Kombo, akasafisha koo. "Ndugu Mtendaji. Ofisi, kwa heshima na taadhima, inakuelekeza uuelekeze mtazamo wako kwenye waya wenye rangi ya bahari, kwa upande wa hatima yake."

"Nini?"

"Kwa upande wa hatima yake."

"Mwambie huo nimeshauona. Panya kautafuna."

Bwana Sudi alirudi taratibu. "Mtendaji anaripoti changamoto yenye mkia."

"Panya?" alisema Mwatumu. "Basi akate palepale, aunge upya! Ni kazi ya muda mfupi tu!"

"Mheshimiwa," Bwana Sudi alisema kwa upole, "changamoto yenye mkia iko chini ya Wizara ya Mifugo."

Wizara ya Mifugo iliandikiwa. Ilijibu kwamba panya si mfugo mpaka afugwe, ikauliza kama huyu anafugwa. Kamati iliundwa kumwuliza. Mwatumu alikaa, akasimama, akakaa, akauzunguka mto wa kiti chake kama kuku anayetafuta pa kutagia, na muda wote ule waya ulikuwa pale pale mbele ya macho yake, umekatika, unasubiri mtu yeyote mwenye vidole.

Taa ziliwaka alasiri. Redio ya taifa ilitangaza kwamba mtandao umerejea kwa mafanikio makubwa. Haikutangaza habari za mzee mmoja aliyefikishwa Hospitali ya Rufaa asubuhi na utumbo uliojisokota, akalazwa kwenye benchi mbele ya mlango wa upasuaji. Mlango ulipofunguka, hakuuhitaji tena.

Mwatumu aliyasikia hayo kwa shemeji yake Shaibu, mume wa Zena, aliyekuwepo hospitalini siku ile. Shaibu aliyasimulia huku akitazama sakafu. "Shemeji," alimalizia, "wewe na mimi tunajua kinachonitisha."

*

Kesho yake baada ya kazi Mwatumu alikwenda nyumbani kwa Kombo. Alimkuta uani, chini ya kamba ya kuanikia nguo iliyojaa nyaya kuukuu badala ya kanga, jambo ambalo mke wake alikuwa akilipigia kelele wakati huo huo.

Na hapa, msomaji, usije ukadhani Kombo alikuwa mzee mnyenyekevu wa kukaa kimya na hazina yake. Kombo alijisifu toka anaamka. Alijisifu kwa majirani, kwa wauza maziwa, kwa kuku.

"Nani huyo? Madamu Vyeti!" alipaza sauti mtaa mzima usikie. "Umekuja kuninyang'anya? Miye nimevuta waya nchi hii wewe hujaota meno! Ukinikata hapa, damu haitoki, zinatoka taa!"

"Shikamoo, Mzee Kombo. Nimekuja unifundishe."

Kombo alimgeukia mkewe. Mkewe naye alisahau kanga zake.

"Unifundishe kushika," Mwatumu alisema. "Dada yangu anakaribia kujifungua. Siwezi kukaa nyuma ya kamba siku hiyo."

Kombo alimtazama sana, kisha akamtupia koleo. "Kaa hapo. Shika. Si hivyo! Hilo koleo, si kijiko cha uji!"

Alikuwa mwalimu mkali na mwenye kelele. Mwatumu alimenya waya akaukata wote; alibana ncha akajibana kidole; alivuta waya mrefu chini ya uzio mpaka viganja vikaota malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine. Na alifurahi. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe aliona aibu kulisema: alipobana ncha ya kwanza ikakaa sawasawa, akasikia ule mlio mdogo wa kitu kilichopata mahali pake, aligeuza uso akalia.

Lakini Kombo naye alikuwa na mambo yake. Kabla ya kuchomeka waya, aliupuliza kwanza, "ili uamke." Kisanduku kikigoma, alikigonga kwa kifundo cha kidole ubavuni, na mara nyingi kiliamka kweli.

"Kinanijua," alisema.

"Hakikujui, Mzee Kombo. Ndani kuna kiungo kimelegea. Ukigonga kinagusana kwa muda, kisha kinaachana tena. Na ukipuliza unatia unyevunyevu wa pumzi, ndiyo maana ncha zako zinashika kutu mapema."

"Nimekuuliza?" Kombo alifoka. "Nimekuuliza sababu? Miaka yote hii nimefanya kazi bila sababu, na mkono wangu umepungua nini?"

Akamgeuzia mgongo, akaendelea kumenya waya. Lakini alipokuwa akiondoka, Mwatumu aligeuka akamwona mzee ameushika waya karibu na midomo, ameufikiria, kisha ameufuta kwa shati.

*

Jumatatu ikafika. Mwatumu alikuwa ameipaka mikono mafuta ya nazi mpaka ikateleza hata kwenye kitasa. Haikumsaidia. Bi Asumini alipitisha kitambaa kwenye kiganja, kikateleza, kikateleza, kikafika chini ya kidole cha shahada, kikanasa.

Mstari mzima ulisikia uzi ukikatika.

"Binti," Bi Asumini alisema kwa sauti nzito, "hii ni sugu."

Adhuhuri hiyo hiyo alisimamishwa mbele ya Waziri wa Vyeti na Viganja, pamoja na baraza lake lote, ambalo lilikuja na mito ya kukalia. Waziri alikuwa mtu mrefu mwenye vyeti vingi kiasi kwamba alivibebesha mtu mwingine, na mtu huyo naye alikuwa na cheti cha kubeba, kwa hiyo vilibaki nyumbani.

"Umegusa?" aliuliza Waziri.

"Nimegusa."

Baraza liliguna. Mzee mmoja alizimia kwa utaratibu, baada ya kuomba ruhusa ya mwenyekiti.

Mwatumu alijua adhabu: kuvuliwa vyeti vyote na kufukuzwa kazi. Hata hivyo, moyoni alijisemea, asiye na cheti anaruhusiwa kugusa. Wanifukuze leo, kesho niombe kazi ya mkono. Karibu atabasamu. Lakini Waziri hakuwa Waziri bure.

"Wajumbe," alisema, akasimama. "Tutafakari kwa kina cha bahari. Lakiri haijawahi kuwa na mwenye cheti aliyegusa. Tukisema amegusa, tumeitia aibu Lakiri. Kumbe tatizo si kugusa! Tatizo ni kwamba dada huyu amegusa bila kuwa na cheti cha kugusa. Na ugonjwa wa kukosa cheti una dawa moja." Akanyoosha kidole juu. "Tumpe Cheti cha Kugusa! Akishakuwa nacho, atakuwa mgusaji wa hali ya juu kabisa nchini, na kwa mujibu wa sheria, hatagusa tena maisha yake."

Makofi yalitikisa madirisha.

"Na yule mzee aliyemfundisha," aliendelea Waziri, "tumpe Cheti cha Uzoefu, ili uzoefu usizidi kuvuja."

"Mheshimiwa!" Mwatumu alipiga kelele. "Mkitupa vyeti sote wawili, mtandao ukikatika atagusa nani?"

"Swali zuri sana," alisema Waziri. "Litapatiwa kamati."

Mwatumu alikimbia mpaka kwa Kombo bila kusubiri gari. "Mzee Kombo, kataa! Waambie hutaki! Wewe si ndiye unayesema vyeti havifai hata kufungia maandazi?"

Kombo alikuwa amesimama katikati ya uani, anapimwa suti. Mkewe alikuwa na pini mdomoni na machozi machoni. Nyaya zilikuwa zimeondolewa kwenye kamba, na kwa mara ya kwanza kanga zilipepea pale.

"Mwanangu," mzee alisema, na hakupaza sauti, "huko kazini unajua wananiitaje? 'We mkono, njoo.' 'We mkono, toka.' Alhamisi hii watalisoma jina langu kwenye kipaza sauti. Lote. Mpaka la babu."

"Na mlango wa Zena?"

Kombo alikazana na kifungo cha shingoni. "Patakuwa na mtu."

"Nani?"

Kifungo kilikataa kufungika.

*

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa Makao Makuu, uliotenganishwa na chumba cha mitambo kwa ukuta wa kioo tu, ili wageni wauone mtandao kwa macho. Ndipo Kamati ya Itifaki ikagundua kwamba mtandao wenyewe haupendezi. Nyaya zilikuwa za bluu, nyekundu, kijani na kijivu, kila rangi na kazi yake, na macho ya wageni yangechoka. Wakaitwa wapambaji. Wapambaji hawakuwa na cheti cha kitu chochote, kwa hiyo waliruhusiwa kugusa kila kitu. Walizivisha nyaya zote kitambaa cha dhahabu, kuanzia ncha hadi ncha. Na walipokuwa wakimaliza, wageni wakiwa tayari wameketi, waliona waya mmoja wa akiba unaning'inia ncha yake moja ikiwa tupu, kama mtu aliyesahau kufunga mkanda. Waliona haya kwa niaba yake. Wakaichomeka ile ncha kwenye tundu la kwanza walilolikuta wazi, wakajipongeza, wakatoka kwenda kula.

Jina la Kombo lilisomwa lote, mpaka la babu. Alipokea cheti, akaongozwa hadi kwenye kiti cha mto, akaketi ameweka viganja mapajani, vikitazama juu, kama bibi harusi anayesubiri hina ikauke. Alikuwa anang'aa. Hata Mwatumu, na hasira zake zote, hakuweza kumchukia.

"Na sasa," Waziri alinguruma, "mgusaji wa taifa! Binti wa Lakiri ambaye, kwa kugusa kwake, ametufundisha thamani ya kutogusa!"

Mwatumu alikuwa amefika katikati ya jukwaa simu ilipotetemeka. Aliipokea pale pale, mbele ya Waziri aliyenyoosha cheti.

"Shemeji," ilikuwa sauti ya Shaibu, na nyuma yake Mwatumu alimsikia dada yake. Hakuwa amewahi kumsikia Zena akilia namna ile. "Uchungu umemshika toka asubuhi. Daktari ameshanawa. Mlango umejifunga, shemeji. Tulikuwa tunaingia, ukajifunga usoni petu."

Mwatumu aligeukia kioo. Kule ndani, taa za makabati yote zilikuwa zinapepesa kwa pamoja, haraka haraka, kama zimepandwa na mashetani. Wageni walidhani ni sehemu ya mapambo, wakapiga makofi.

"Pokea, binti," Waziri alinong'ona, akitikisa cheti.

"Nikikipokea sitagusa."

"Ndiyo maana yake!"

Mwatumu alimpita. Alifika kwenye kamba nyekundu, akainua gauni, akairuka.

"Mkamateni!" alipiga kelele Waziri. "Askari! Mkamateni!"

Askari waliokuwa mlangoni walitazamana. Kisha wakavitazama viganja vyao. "Mheshimiwa," alisema mkubwa wao kwa huzuni, "tuna vyeti."

*

Ndani ya chumba cha mitambo Mwatumu aliweka simu sakafuni, sauti ikiwa wazi, akazitazama taa. Kitabuni alishayasoma haya: zikipepesa zote kwa pamoja namna hii, basi kuna waya umeingia ncha zote mbili mle mle, na habari inazunguka, inajikimbiza yenyewe bila kufika popote, inajaa mpaka njia zote zinaziba. Uchomoe waya huo mmoja tu, yote yatatulia. Alijua kabisa. Alijua, na mbele yake kulikuwa na msitu wa nyaya za dhahabu, zote sura moja.

Alichomoa mmoja. Kipaza sauti cha Waziri kikanyamaza, jambo ambalo halikuwa hasara. Akaurudisha. Akachomoa mwingine, redio ya taifa ikakatika. Simuni, Zena alikuwa ameacha kupiga kelele.

"Mzee Kombo!" aliita kupitia mlango wa kioo. "Ule wa akiba, uliokuwa na ncha tupu, ni upi?"

Kombo alikuwa kitini, viganja juu. "Miye sigusi," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijakwambia uguse! Nakwambia sema!"

Bwana Sudi alijitokeza katikati yao na glavu zake. "Kwa mujibu wa utaratibu, maneno yapitie kwa..."

"Ni wa zamani," Kombo alisema, akimchungulia Mwatumu pembeni mwa bega la Bwana Sudi. "Mgumu, umekakamaa, haukunjiki. Ulikuwa chini kushoto. Sijui hawa wapuuzi wameupeleka wapi." Viganja vyake vilikuwa vimeshainuka kutoka mapajani bila yeye kujua. "Si huo! Huo ni mpya, unakunjika! Huoni?"

"Zote za dhahabu, Mzee wangu! Sioni! Na mkono wangu bado haujui!"

Hapo ikasikika sauti kwenye simu, sauti ya Zena, dhaifu: "Mwatumu? Bado?"

Kombo alisimama. Aliweka cheti chake juu ya mto wa kiti, kwa uangalifu, akakilainisha. Kisha akairuka kamba akilaani suti, kamati na mvumbuzi wa dhahabu, akamsukuma Bwana Sudi kando, akafika kabatini. Alifumba macho. Akazipitisha nyaya vidoleni mwake, mmoja mmoja, kama mama anayechagua kitambaa sokoni.

"Huu."

Mwatumu aliufuata kwa mikono mpaka upande wa pili. "Ncha zote mbili zimo humu humu! Chomoa!"

Lakini mzee hakuchomoa. Alifumbua macho. "Kwa nini?" aliuliza.

"Mzee Kombo!"

"Niambie haraka. Miaka yote sijaambiwa. Kwa nini waya mzima unaua mtandao mzima?"

"Habari ikitoka hapa inaingia hapa, inatoka tena, inaingia tena, kama uvumi wa mtaani. Inajaa, wengine wote wanakosa njia."

Kombo alitikisa kichwa taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. "Kumbe," alisema. Kisha akamtazama Mwatumu, ambaye alikuwa ameng'ang'ania ncha ya pili bila kufanikiwa, akaguna. "Sogea. Unashika waya kama mtu mwenye vyeti."

Akauchomoa.

Taa zilitulia, moja baada ya nyingine, zikarudi kupepesa kila moja kwa wakati wake. Sakafuni simu ilikoroma kidogo, ikasikika sauti ya Shaibu, imechanganyika kicheko na kilio: "Umefunguka! Shemeji, umefunguka!"

*

Redio ya taifa ilitangaza jioni ile kwamba Mtandao wa Taifa, kwa kuguswa na hotuba ya Mheshimiwa Waziri, ulipata hitilafu ya furaha na ukapona wenyewe. Kwa kuwa ulipona wenyewe, hakuna aliyeugusa. Kwa kuwa hakuna aliyeugusa, hakuna wa kuadhibiwa. Kumbukumbu za sherehe zilionyesha vyeti vyote vimepokelewa, hata kile kilichobaki mkononi mwa Waziri.

Zena alijifungua mtoto wa kike, mkubwa, mwenye hasira. Mwatumu alipompa kidole, alikishika akakataa kukiachia.

Jumatatu mstari ulipangwa langoni kama kawaida. Mwatumu alisimama bila mafuta ya nazi. Alikuwa na malengelenge mapya, mchubuko, na gundi ya mkanda mweusi iliyokataa kutoka kwa sabuni. Aliamua kwamba liwalo na liwe. Nyuma yake alisimama Kombo, katika suti yake, siku yake ya kwanza kwenye mstari wa wenye vyeti, akiwasimulia wote walio karibu.

Bi Asumini alikishika kiganja cha Mwatumu. Aliweka hariri. Hariri ilinasa kabla hata haijaanza kwenda. Bi Asumini hakuinua kichwa.

"Mtoto hajambo?" aliuliza chinichini.

"Hajambo, Bi Asumini."

"Na mama yake?"

"Anakula uji."

Mama yule alikitazama kiganja muda mrefu, akapitisha kidole gumba chake mwenyewe juu ya ile sugu. "Binti yangu naye ana mimba ya miezi saba," alisema. "Na mvua za vuli ndizo hizo zinakuja, na vyeti vya madaktari nyuma yake."

Kisha akakunja kitambaa cha hariri, akakitia mfukoni, na akapaza sauti mstari mzima ukasikia: "Laini! Pita!"

Mwatumu alipita. Nyuma yake Kombo alinyoosha viganja vyake vya maganda ya nanasi, vyote viwili, kwa fahari.

"Laini," alisema Bi Asumini. "Pita."

"Miye? Laini?" Kombo alipandisha sauti. "Bi mkubwa, hebu tazama vizuri! Miye, laini?"

"Pita, mzee," alisema Bi Asumini, "kabati la pili linawaka nyekundu."